Somo la jamaa: Mtoto anapofikicha macho



Somo la jamaa la mwezi huu halianzi katika Zaburi wala katika nyaraka za Paulo. Linaanza mgongoni mwa mama, ndani ya kitenge, pale mtoto anapoinua ngumi yake ndogo na kuanza kufikicha jicho. Tumelichagua kwa sababu ya maswali ya akina mama, na zaidi kwa sababu ya majibu wanayopewa. Mama akiuliza kwa nini mtoto wake anafikicha macho, jirani wa kwanza anasema ni usingizi. Wa pili anasema ni moshi. Wa tatu anasema kuna mtu amemtazama mtoto kwa jicho baya. Wa nne anakuja na majani mkononi tayari kuyakamua. Wa kwanza na wa pili mara nyingi wamesema kweli. Wa tatu anachonganisha watu. Lakini huyo wa nne ndiye anayetutia hofu, na somo hili tumeliandika kwa sababu yake.

MARA NYINGI NI USINGIZI

Mtoto hana maneno. Kufikicha macho ni moja ya njia zake za kusema, na kwa kawaida anachosema ni hiki: nimechoka, nilazeni. Mtoto anapokaa macho muda mrefu na kutazama watu, mbuzi na baiskeli zinazopita, anapepesa kope mara chache, jicho linakauka na misuli yake inachoka. Akilifikicha, machozi yanatoka kidogo na anapata nafuu. Hata sisi watu wazima tunafanya hivyo mbele ya taa usiku.

Akina mama wengi wanashangaa wakisikia jinsi mtoto anavyochoka upesi. Mwenye miezi miwili hawezi kukaa macho zaidi ya saa moja, labda moja na nusu, bila kuhitaji kulala tena. Mwenye miezi sita anaweza kufika saa mbili au tatu. Kwa hiyo ukimchukua asubuhi kwenda kupanga foleni ya chakula, kisha sokoni, kisha kwenye maombi ya wanawake, usimwambie mtu kwamba mtoto amerogwa kwa kuwa analia na kufikicha macho saa sita mchana. Amekosa usingizi wake. Mfunike na jua, mnyonyeshe, mlaze.

Ukiona anafikicha, anapiga miayo, anageuza uso asitake kuchezeshwa, na macho yenyewe ni meupe, hayana tongotongo wala wekundu, basi hakuna ugonjwa hapo. Kata kucha zake, maana kucha ya mtoto ni nyembamba na kali, inaweza kukwaruza kioo cha jicho.

MOSHI, VUMBI NA PILIPILI

Baada ya usingizi, huku kwetu kunafuata moshi. Wengi tunapika kwa kuni ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na wanaokausha samaki kwa moshi kando ya ziwa wanakaa hapo saa nyingi na mtoto mgongoni. Mama anapoinama juu ya moto, uso wa mtoto unainama pamoja naye. Hatusemi mama aache kazi yake, kwani ndiyo inayowalisha. Tunasema mtoto apewe dada yake au nkambo wakati wa kuwasha moto na wakati wa kugeuza samaki, na wakati wa kiangazi kupikia kuhamie nje, upande ambao upepo hauleti moshi mlangoni.

Vumbi la barabara linafanya vilevile. Pia kuna mikono yetu wenyewe. Mama ametwanga pilipili au amesafisha samaki, kisha anampangusa mtoto uso kwa mkono uleule, halafu anauliza kwa nini analia. Na mkipewa chandarua kipya chenye dawa, kitandazeni kivulini siku nzima kabla ya kukitundika, kwa sababu dawa ikiwa mpya kabisa inaweza kuwasha macho na ngozi.

Kama kitu kimeingia jichoni, mwagia maji safi polepole huku ukimshika kichwa. Usikitoe kwa kijiti cha kiberiti wala kwa ncha ya kitenge, na usilambe jicho la mtoto. Tunajua wengine wanafanya hivyo kwa upendo, lakini mdomo una vijidudu vingi kuliko wanavyodhani.

JICHO LENYE TONGOTONGO

Watoto wengine jicho moja linatoa machozi kila wakati na asubuhi lina ukoko kidogo, lakini si jekundu na halijavimba. Mara nyingi ni kijia cha machozi, kile kinachoshuka kuelekea puani, ambacho hakijafunguka vizuri. Kwa watoto walio wengi kinafunguka chenyewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Osha mikono, weka kidole kwenye pembe ya jicho karibu na pua, kandamiza taratibu ukishuka chini mara kadhaa, asubuhi na jioni. Kazi yake inataka subira tu.

Tongotongo likiwa zito, la manjano, macho yakagandana na kuwa mekundu, hiyo ni ambukizo. Chemsha maji, yaache yapoe. Chukua kipande cha kitambaa safi, lowesha, pangusa kutoka upande wa pua kwenda nje, mara moja, kisha chukua kipande kingine. Kila jicho liwe na chake. Ukitumia kimoja kwa macho yote mawili, umebeba ugonjwa kutoka jicho bovu kupeleka kwenye jicho zima. Osha mikono kabla na baada, na usipanguse watoto wote wa nyumba kwa taulo moja. Inzi wanaokaa kwenye uso mchafu wanahamisha ugonjwa kutoka mtoto hadi mtoto, na hiyo ni njia moja ya kuenea kwa trakoma, inayorudia rudia mpaka kope zinajikunja na kukwaruza jicho. Uso wa mtoto uoshwe kila siku, hata siku ambazo foleni ya maji ni ndefu. Maji ya kuosha uso ni kikombe kimoja.

Baada ya kumsafisha, mpeleke kilinika siku hiyohiyo au kesho yake. Huko watampa marhamu ya tetrasaiklini au dawa nyingine inayomfaa. Usitumie tyubu iliyobaki kwa jirani, na usinunue matone ya macho kwa mchuuzi wa sokoni. Baadhi ya matone hayo yanaondoa wekundu haraka, mama anafurahi, kumbe chini yake kidonda kinakua.

MTOTO AMBAYE BADO HAJUI KUFIKICHA

Hapa tunaomba msome polepole. Mtoto wa wiki moja hajui kwamba ana mkono. Hawezi kuupeleka jichoni kwa makusudi, hadi afike miezi miwili au mitatu hivi. Kwa hiyo mtoto mchanga anaweza kuwa na ugonjwa mkali wa macho bila kufikicha hata mara moja. Usimngojee akuonyeshe. Mtoto wa chini ya siku 28 akiwa na kope zilizovimba na usaha unaotoka, mpeleke kilinika saa ileile, hata kama ni Jumapili, hata kama ibada haijaisha. Kuna vijidudu vinavyoweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku chache.

Ugonjwa huu ulipofusha watoto wengi hata Ulaya. Daktari mmoja wa mjini Leipzig, Ujerumani, aitwaye Credé, aliandika mwaka 1881 jinsi alivyoanza kuweka tone moja la dawa katika macho ya kila mtoto aliyezaliwa hospitalini mwake. Kabla ya hapo karibu mtoto mmoja katika kumi aliugua. Baadaye ugonjwa ulikaribia kwisha wodini. Ndiyo sababu wauguzi wanapaka marhamu machoni mwa mtoto mara tu anapozaliwa, na ndiyo sababu moja ya kwenda kuzalia kilinika.

Mara nyingi vijidudu hivyo mtoto anavipata wakati wa kuzaliwa, kutoka kwa mama, na mama alivipata katika ndoa. Muuguzi atataka kuwatibu wote watatu: mtoto, mama na baba. Akina baba, nendeni. Tena tunawaambia wazi ninyi wazee wa kanisa: msiifanye habari hii kuwa kesi ya kusikiliza chini ya mwembe. Vijidudu vingine vinakaa mwilini muda mrefu bila dalili, na vingine vinavyotoa usaha havina uhusiano wowote na zinaa. Mama aliyeogopa kuhukumiwa atamficha mtoto ndani, na mtoto ndiye atakayelipa kwa macho yake.

BONDE HILI LINAJUA UPOFU

Wengi wetu tulivuka kutoka Pweto, Moba na vijiji vya Haut-Katanga na Tanganyika kuanzia Agosti 2017, tukapita Kenani, na mwanzoni mwa 2018 tukaletwa Mantapala. Hatukujua historia ya nchi hii tuliyopokelewa. Bonde la Luapula, kutoka mtoni hadi ufuo wa Mweru, liliandikwa na madaktari tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya wingi wa vipofu wake, na wengi wao walipofuka wakiwa watoto. Katika miaka ya 1980 watafiti walirudi wakapima watoto wadogo wa bonde hili, wakitafuta ugonjwa wa macho unaoletwa na ukosefu wa vitamini A.

Mambo matatu yanatajwa pamoja kila mara katika habari za upofu wa watoto wa Afrika yetu: surua, ukosefu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni. Tanzania nako, mwaka 1987, madaktari Foster na Sommer waliandika kuhusu watoto 130 wenye vidonda kwenye kioo cha jicho. Zaidi ya theluthi ya vidonda hivyo vilifuata surua, na kwa waliopofuka macho yote mawili, sababu iliyoongoza ilikuwa ukosefu wa vitamini A.

Surua na njaa vilitukuta njiani. Lakini lile jambo la tatu tunalifanya kwa mikono yetu. Maji ya majani, mkojo, maziwa ya mama, maji ya kitunguu, majivu, sukari. Majani mengine yanaunguza kioo cha jicho kama majivu ya moto. Mkojo unaweza kubeba kisonono na kukipeleka jichoni. Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote, lakini mahali pake ni mdomoni. Yakitiwa katika jicho linalougua hayaui vijidudu vya namna hiyo, na siku tatu za kungojea yafanye kazi ndizo siku ambazo jicho lingeokolewa.

Tunajua dawa hizi zinatoka kwa akina nkambo zetu, nao tunawaheshimu. Walitulea bila kilinika karibu. Ukiwa na mkwe anayekamata majani, usimjibu kwa ukali. Mwambie: mama, tutie kwanza maji safi, kesho twende wote kwa muuguzi, nawe umweleze ulivyoona. Bibi akiheshimiwa atakubali kutembea.

KUHUSU MAFUTA YA UPAKO

Hili limeanza kuonekana katika baadhi ya vikundi vya maombi, kwa hiyo tunaligusa. Kuna wanaotia mafuta ya upako ndani ya macho ya watoto, na wanataja Yohana sura ya 9, kwamba Bwana alitumia mate na udongo kwa yule aliyezaliwa kipofu. Wapendwa, someni sura hiyo yote. Mtu yule baada ya kupakwa alitumwa kwenda kunawa katika birika, na aliona alipokwisha kunawa. Tena aliyepaka alikuwa Bwana mwenyewe, ambaye udongo na macho ni kazi ya mikono yake. Sisi hatukupewa agizo la kutia udongo, mate wala mafuta ya chupa ndani ya jicho la mtoto.

Yakobo anafundisha wazee wawaombee wagonjwa na kuwapaka mafuta, nasi tunafanya hivyo. Mafuta yapakwe kwenye paji la uso. Maombi yafanyike asubuhi kabla ya safari ya kilinika, na anayeweza amsindikize mama njiani. Luka alikuwa tabibu, na hatujasoma mahali popote kwamba Paulo alimwambia aache kazi yake.

SURUA, CHAKULA NA MACHO YA JIONI

Mtoto mwenye homa, mafua, upele na macho mekundu yasiyotaka mwanga anaweza kuwa na surua. Tuliijua vizuri kule nyumbani, na baada ya sisi kuondoka ilizuka tena: katika mlipuko ulioanza 2019 zaidi ya watu 6,000 walikufa Kongo, wengi wao watoto. Surua inamaliza akiba ya vitamini A mwilini kwa muda mfupi, na kioo cha jicho kinaweza kuyeyuka. Kwa hiyo mtoto wa surua anapaswa kupewa vitamini A kilinika, dozi ya leo na dozi ya kesho. Usiseme ni ugonjwa wa kawaida utapita. Na chanjo inatolewa hapa Zambia kwa umri wa miezi 9, kisha miezi 18. Ile ya pili inasahauliwa sana, maana mtoto ameanza kutembea na mama ana mimba nyingine.

Kuna dalili ambayo watu wanaicheka. Jua linapozama mtoto anajikwaa kwenye sufuria, anang'ang'ania kitenge cha mama, hataki kucheza na wenzake, lakini mchana yuko sawa. Si mvivu wala mwoga. Haoni wakati wa giza, na hiyo ni dalili ya kwanza ya ukosefu wa vitamini A. Wakati mwingine kwenye weupe wa jicho kunatokea doa linalofanana na povu la sabuni. Peleka mtoto.

Matone ya vitamini A yanatolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka mitano: kidonge cha bluu kwa walio chini ya mwaka, chekundu kwa wakubwa. Hayatiwi machoni, yanakamuliwa mdomoni. Hayasaidii macho peke yake. Sommer yule tuliyemtaja, alipofanya kazi Indonesia, alionyesha mwaka 1986 kwamba katika vijiji vilivyopewa vidonge hivyo vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa karibu theluthi.

Chakula tunacho karibu kuliko tunavyofikiri. Kabla ya miezi sita ni titi peke yake, na mama ndiye ale vizuri. Baada ya hapo, sombe iliyotwangwa laini, matembele, lenga-lenga, boga, papai, maembe yanapoiva, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na mahindi ya rangi ya chungwa ambayo Zambia iliyatoa kwa wakulima mwaka 2012. Mafuta ya mawese mekundu, yale yale ya kwetu, kijiko kidogo ndani ya uji au mboga: yana vitamini hiyo kwa wingi, na mafuta yanausaidia mwili kuipokea. Msiyachemshe mpaka yawe meupe. Wengine wanapenda yakiwa hivyo kwa sababu harufu inapungua, lakini rangi ile nyekundu ndiyo faida yenyewe. Na mtoto asipewe bukari na mchuzi mtupu wakati baba anakula ini la samaki. Ini limpendeze baba, lakini limfikie mtoto.

Dalili moja ya mwisho, ambayo ni adimu. Mbele ya taa, au katika picha ya simu yenye mwanga, mboni ya mtoto inaonekana nyeupe kama jicho la paka. Mtoto huyo huenda hafikichi wala halii. Inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho, na yote mawili yanatibika zaidi yakiwahiwa. Omba barua ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Paulo pale Kashikishi, na baba atafute usafiri wiki hiyohiyo.

UKIFIKA KILINIKA

Beba kadi ya mtoto. Mweleze muuguzi ni jicho moja au yote mawili, lilianza siku gani, mtoto alipata surua au la, na kitu gani kimetiwa ndani. Hilo la mwisho useme kweli, hata kama bibi amesimama karibu nawe, kwa sababu tiba inategemea jibu hilo.

Kama muuguzi hajui Kiswahili, Kibemba kidogo kinatosha. Jicho ni ilinso, macho ni amenso. Ukisema amenso yalekalipa ataelewa kwamba macho yanauma. Dawa ni umuti. Lelo ni leo, karibu sawa na kwetu. Mailo angalieni, maana wenyeji wanaitumia kwa jana na kwa kesho pia, kwa hiyo onyesheni siku kwa vidole.